Kiazi cha Marehemu Mama Mkwe

Kiazi kilikuwa kimepinduka tena. Kinue alikiacha mbele ya picha ya marehemu mama mkwe, upande uliokatwa ukiwa juu. Aliporudi kutoka kuanika nguo, ganda ndilo lililokuwa juu, na kiazi chepesi kama jani.

"Mama amekula," alinong'ona kwa furaha. "Hata akiwa hai hakuwa mvivu wa kula."

Akainama, akakishusha, akampa Daigo. Mbwa akalamba ganda huku akimtazama kwa macho mekundu yenye ukungu.

Macho hayo yalimnyima Kinue usingizi. Yalikuwa na uvimbe kwa ndani, na daktari wa mifugo alisema bila steroidi Daigo angepofuka. Vidonge vizima mbwa alivitema. Basi Kinue alivisaga ndani ya nusu kiazi kitamu, akakipitisha kwanza kwa marehemu akiombee. Chakula kilichoshushwa kutoka kwa marehemu kina baraka, nani hapa Odate asiyejua?

Mumewe, Tomekichi, alicheka tu. Yeye alipigwa marufuku vitu vitamu tangu tumbo lilipoushinda mkanda, lakini majira haya alikuwa na raha zake. Mierezi ilimwaga chavua mlima mzima, majirani wakapiga chafya mpaka miwani ikadondoka, na yeye, bingwa wa chafya kwa miaka thelathini, kimya.

"Ni kuoga maji baridi, mke wangu! Nina nguvu za kijana. Hebu niongezee wali."

"Bakuli la nne hilo, mzee. Hayo mashavu yatapasuka."

Wiki ya sita wakampeleka Daigo kwa daktari. Tomekichi akabaki kwenye benchi na matonge yake ya wali.

Daktari Kudo akammulika mbwa macho, akatikisa kichwa.

"Mama, huyu hajameza dawa. Anayeimeza huvimba uso ukawa duara, hashibi, na hata chafya za chavua humwacha."

Kinue akatazama mashavu ya mumewe. Kwenye benchi, tonge la tatu lilikuwa linamalizika.

"Daigo akianza leo, ataona?"

"Ataona. Ila mpe kwa mkono wako, usibanduke mpaka ameze."

"Na aliyeimeza wiki sita bila kuandikiwa?"

"Haachi ghafla, ni hatari. Hupunguziwa kidogo kidogo."

Kinue akamgeukia mumewe.

"Mzee, kuanzia kesho mama yako atakuachia robo tu."