Sahihi ya Syauswa

Nyumba saba zilikuwa zimebaki, na barua ilikuwa imeanza kulowa jasho.

Emérence aliibana kwapani, akapangusa kiganja cha kushoto kwenye kitenge, akaishika tena. Mkono wa kulia haukutoka chini ya shali, ingawa jua la Beni lilikuwa bado kali.

Ndani ya bahasha kulikuwa na convocation. Polisi ilimwita Syauswa, seremala wa mtaa wa Beu, aje kujieleza juu ya kipigo alichompa mke wake. Chini palikuwa na muhuri wa bluu, na mstari mtupu wa sahihi.

"Pikipiki yetu ilikufa, mama, na hatuna mutu wa kutuma," afisa alimwambia asubuhi, bila kuinua macho. "Utaipeleka weye mwenyewe. Asaini, urudishe kesho saa tatu. Bila signature, dossier tunafunga."

Na faili hiyo ikifungwa, mwanamke aliyepigwa hana mlango mwingine wa kubisha. Emérence alilijua hilo.

"Na akikasirika?"

"Umwambie umetumwa tu."

Njia nzima aliyarudia maneno hayo. Nimetumwa tu. Nimetumwa tu. Kila alipopita nyumba moja, sauti ndani ya kichwa chake ilipungua.

Gracien, mkubwa wa avenue, alikuwa amekataa kumsindikiza. "Mimi na yeye tuko jirani, mama. Sitaki maneno."

Zilipobaki nyumba tatu, alimkuta rafiki yake Joyeuse akigeuza kakao juu ya turubai.

"Mama Ariel! Unatembea kama mutu anabeba mayayi!" Kisha Joyeuse akaiona bahasha, na kicheko kikamkauka mdomoni. Akashusha sauti. "Eko mu nyumba. Asubui alipiga mbwa teke, mpaka sasa haiyarudi."

"Nimetumwa tu," Emérence alisema.

"Ile mbwa iko na akili kutushinda sisi bote."

Mlango wa Syauswa ulikuwa nusu wazi. Ndani, randa ilikuwa ikikwangua ubao, shwaa, shwaa. Emérence alisimama kando ya rundo la maranda, akainyoosha bahasha mbele yake kama mtu anayemlisha mbwa asiyemwamini. Akafungua mdomo. Maneno yalikuwa mawili tu, na yote mawili yalikuwa yamekimbia.

Randa ikanyamaza.

"Ni nani pale?"

Akaificha bahasha chini ya shali upesi, ikaugonga mkono wa kulia, na maumivu yakamtoa machozi.

"Ni mimi."

"Mpaka sasa ulikuwa wapi? Bugali iko wapi?"

Kesho, alijiambia. Kesho, kabla ya saa tatu. Akazunguka kwenda jikoni, akaizika barua ndani ya unga, akaanza kuwasha moto kwa mkono wake mzima.