Kanga Chini ya Mlango

Tunu alipoongezwa mshahara kiwandani, alimnong'oneza mumewe peke yake. Sefu akaingiwa na hofu. "Tuifanyie nini hela hiyo, na yule asijue?"

Yule ni Bi Riziki, mwenye nyumba, ambaye hupandisha kodi kwa kunusa. Mpangaji akipika nyama, mwezi ujao analipa zaidi. Wenzao wa chumba cha pili waliponzwa na pilau ya siku moja, wakahama.

"Tule kuku," Tunu akasema. "Mara moja tu."

Wakafunga dirisha, wakaziba chini ya mlango kwa kanga, wakawasha jiko la mafuta.

"Usitie kitunguu saumu," Sefu akasema.

"Sasa si bora tungekula dagaa?"

"Dagaa hawajamfukuzisha mtu nyumba."

Sufuria ikaanza kutokota. Nje ndala zikaja zikiburuzwa, zikasimama mlangoni.

"Tunu, mwanangu, leo mnapika nini?"

"Mchicha, Bi Riziki."

Sefu akazima jiko. Tunu akakandamiza kifuniko kwa mikono miwili, kikamuunguza, asikiachie. Ndala hazikuondoka.

Kisha, pale chini ya mlango, kanga ikaanza kuvutwa polepole kwenda nje.