Siku Arobaini za Bi Hidaya

Kifuniko cha birika kilikuwa kikitetema jikoni, na alfajiri bado. Bi Hidaya aliizunguka meza bila kukaa. Siku hizi kila mtu alipewa safari moja tu ya nje maishani, siku arobaini, na mwezi ukishachaguliwa haubadilishwi. Muda wake wa kuchagua ungekwisha jua likichomoza.

Kwenye skrini alikuwa binti yake Rukaya, huko Japani, tumbo limetangulia.

"Mama, usije Januari. Ni theluji na baridi tu. Njoo Julai, maua yamejaa, nikutembeze."

"Na ukijifungua Januari, nani atakukanda? Nani atakupikia uji wa pilipili manga?"

"Kuna mashine ya kukanda, mama."

"Hiyo mashine imezaa mara ngapi?"

Rukaya akacheka, kisha akageuka kufuta macho.

Bi Hidaya akabonyeza Januari. Sweta nzito aliyoletewa na jirani jana, bila hata kuiomba, ilikuwa kitini, imekunjwa vizuri.

Mjukuu wake Salha, mwenye miaka minne, akajipenyeza mbele ya mama yake kwenye skrini.

"Bibi, ukishamlea mtoto, Julai uje tena. Hiyo iwe yangu mimi, si ya mtoto."