Sanduku Lililoitikia Hodi

Kitu cha kwanza alichokiona binti ni soksi za fundi. Moja ya kijani, nyingine ya bluu. Alizitazama akiwa amejikunja chini ya kaunta ya maktaba, magoti kidevuni, kiganja mdomoni.

Juu yake bisibisi ilikuwa inazunguka. Skrubu ya kwanza ikalia ndani ya kisahani.

"Wakubwa wanataka kila tawi lipate mashine kama hii," alisema fundi. "Wamenituma niifungue, nione imeundwaje."

"Fungua tu, fundi," alijibu Mama Kimya.

Mama Kimya ndiye mkuu wa maktaba, na ndiye mama mzazi wa binti. Jina hilo alipewa na wasomaji, kwa kuwa hakuna aliyepiga kelele mle ndani kuliko yeye akisema "Kimya!"

Binti alifumba macho. Mashine ikifunguliwa, mama ataaibika mbele ya mtu wa makao makuu. Na yeye mwenyewe atarudishwa chumba cha nyuma, kubandika lebo kwenye vitabu, asisemeshwe na mtu wala asimsemeshe mtu.

Yote yaliletwa na neno moja.

Siku mashine ilipofika, sanduku jeupe lenye taa ndogo na maandishi ya lugha isiyojulikana, mama alimwambia aingie chini ya kaunta achomeke waya. Hakumweleza ni ya nini. Siku hizo mama alikuwa haishi kuleta vitu vya kuwavuta wasomaji: kompyuta, vitabu vya kusikiliza, drafti, darasa la kufuma. Binti hakuuliza. Hakuwa mtu wa kuuliza. Msomaji akimsogelea, alimwonyesha rafu kwa kidole, kisha akatafuta pa kujificha.

Akiwa bado kule chini, akaja dereva wa lori, mteja mkubwa wa vitabu vya mapenzi. Hakuona mtu.

"Hodi!"

Hodi haina mjadala. "Karibu," binti akaitika, kabla hajawaza.

Dereva aliruka nyuma. "Mama! Mama wee! Sanduku lako linaongea!"

Mama Kimya alikuja mbio. Akalitazama sanduku. Akaitazama kaunta.

"Ndiyo," akasema mwishowe. "Linaongea. Liulize kitu."

Dereva akasafisha koo kama yuko mbele ya hakimu. "We mashine, nitafutie kitabu cha kumfundisha mke wangu kunyamaza."

Binti angeweza kutoka. Lakini atokeje, na mama ameshasema mbele za watu kwamba linaongea?

"Umechelewa," akasema kwa sauti ya puani. "Mkeo alikuja jana. Amekiazima akunyamazishe wewe."

Watu walicheka mpaka Mama Kimya akasahau kuwakemea.

Kesho yake tangazo lilikuwa mlangoni: ULIZA MASHINE. Na watu wakaja kuuliza. Watoto walijaa sakafuni wakihadithiwa, wakilisahihisha sanduku likikosea sauti ya fisi. Vijana waliuliza jinsi ya kuandika barua ya kuomba kazi, wakaelekezwa, kisha wakataniwa kidogo. Bibi wa jirani alifika kila asubuhi kulalamikia magoti yake.

"Pole, bibi. Rafu ya pili kuna kitabu cha mazoezi, kina picha. Umekula lakini?"

"Jamani! Limeniuliza kama nimekula!" Bibi akalipapasa sanduku. "Wanangu hata hilo hawaniulizi."

Wakitaka kujua binti yuko wapi, mama alijibu, "Yuko nyuma huko. Ana haya yule, mwacheni."

Kule chini binti hakuwa na haya. Hakuna aliyemtazama, basi maneno yalimjia yenyewe, pamoja na utani. Usiku kabla ya kulala alijikuta anacheka peke yake, akipanga atamjibu nini dereva.

Kilichomuumiza ni mama, jinsi alivyodanganyika, maskini. Alileta mto akausukuma chini ya kaunta, eti nyaya zisilale sakafuni. Mchana aliteremsha sahani ya wali, eti panya wakishiba hawatatafuna waya. Binti alikula huo wali kwa huruma. Mama kazeeka, alijisemea.

Na sasa fundi amekuja.

Skrubu ya mwisho ikalia kisahanini. Mfuniko ukatoka. Soksi ya kijani ikaikuna ya bluu, kisha ikatulia.

"Mama," alisema fundi.

"Naam."

"Hii haiongei. Haina hata spika. Hii ni mashine ya kunyonya unyevu."

Binti akang'ata kidole. Akangoja kelele, zile za kutikisa madirisha.

Hazikuja. Viatu vya mama vilisogea polepole hadi karibu na vya fundi, na sauti iliyofuata ilikuwa ndogo mno. Binti hakuwahi kuisikia tangu azaliwe.

"Najua, fundi. Niliiagiza mwenyewe, vitabu vilikuwa vinaota ukungu. Rudisha mfuniko taratibu. Mwanangu anaongea."