Wabishi wa Tumboni

"Asidi imewaua bakteria wako, binti. Tupa, uanze upya," mkuu wa maabara alisema huku akivua koti lake jeupe.

"Nipe dakika moja tu, mzee." Mtafiti aliinamia skrini ya darubini.

Bakteria wale walitoka tumboni mwa shangazi yake, aliyeteswa na vidonda miaka nenda miaka rudi. Hawakuwa wamekufa. Ngozi zao zilikuwa zimefura na kutoa vifuko vidogo chungu nzima, kama povu la sabuni. Wenzao wasiotiwa asidi walikuwa na vichache tu.

Akacheka, akampigia shangazi simu palepale, sauti ikiwa kwenye spika.

"Shangazi, wadudu wako wakichomwa na asidi wanatema vifuko!"

"Wabishi hao, wamemrithi mume wangu!" Shangazi akaangua kicheko. "Haya, humo ndani mna nini?"

Mkuu akavuta kiti. "Mwambie hata sisi tunataka kujua."