Siku Mtaa Ulipofungwa

Kwa sheria ya mji, kila nyumba ya Mji Mkongwe iliachwa wazi mchana ili wageni waingie watazame watu wanavyoishi. Shufaa na mumewe Mbarouk walioana chini ya sheria hiyo. Wageni waliwapenda. Shufaa akikuna nazi, Mbarouk humtania, naye hucheka, na kamera hunyanyuliwa.

Jumatatu moja mtaa ulifungwa kwa ajili ya ukarabati wa mabomba. Hakuna mgeni aliyekuja. Shufaa alipakua wali na mchuzi wa pweza, wakala. Mbarouk alikula huku macho yake yakielekea mlangoni.

"Leo hunitanii?" Shufaa akamuuliza.

"Nikutanie vipi, na hakuna mtu?"

"Mimi nipo, Mbarouk."

Mbarouk akarudisha tonge sahanini. Aliona haya, na Shufaa alimwona anavyotafuta la kusema, kama mtu aliyekaribishwa nyumba asiyoizoea. Mwishowe akauliza swali ambalo wageni hawaachi kuuliza.

"Una raha hapa?"

"Raha tele, alhamdulillahi," Shufaa akajibu upesi, kwa sauti ile ile ya kila siku, na tabasamu lake. Kisha tabasamu likamtoka. Mumewe alikuwa bado anamtazama, anangoja, na hapakuwa na mgeni mwingine wa kumgeukia.

"Ngoja kwanza," akasema taratibu. "Sijawahi kulifikiria."