Mdhamini wa Maandazi

"Mambo ya pesa mtoto atafundishwa na njaa, si na mwalimu," alisema Mwalimu Kaduma kikaoni, na wenzake wakacheka. Bi Mwanaidi, mwalimu wa somo jipya la elimu ya fedha, aliendelea kuandika.

Saa nne Kaduma alifika kwenye meza ambapo kidato cha tatu huuza maandazi kama zoezi la somo hilo.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Zawena, mweka hazina wao.

"Marahaba. Nipe mawili, nitalipa mwisho wa mwezi."

Zawena akamsogezea fomu. "Mkopo lazima uwe na mdhamini, mwalimu."

Kaduma akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akarudi ofisini, akaiweka fomu mbele ya Bi Mwanaidi ili amdhamini.

Bi Mwanaidi akavaa miwani, akaanza kuisoma mstari kwa mstari, taratibu. Kule nje yalikuwa yamebaki maandazi manne.